Kabla hujauza mahindi kulipia shahada ya uongozi wa afya

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayenunua mahindi Kwashemshi na kuyapeleka Korogwe mjini hupiga hesabu tatu: bei ya shambani, gharama ya gari, na siku ambazo mzigo utakaa ghalani kabla ya kupata mnunuzi. Akikosea moja, mtaji unaliwa. Wiki hii tunaacha kidogo magunia na madebe tuitazame bidhaa nyingine, ambayo mzazi hutakiwa kuilipia fedha nyingi pasipo kupiga hata mojawapo ya hesabu hizo. Bidhaa hiyo ni shahada ya uzamili ya uongozi na sera za huduma za afya.

Tuseme mzee mmoja wa mazao ana binti aliyemaliza shahada ya kwanza. Binti anarudi nyumbani na barua ya udahili. "Mwanangu, ukishamaliza hiyo utatibu nani?" mzee anauliza. Jibu la kweli ni kwamba hatatibu mtu. Atajifunza bajeti za afya, uchumi wa afya, ugavi wa dawa, utumishi, takwimu za magonjwa, bima, na jinsi sera inavyotoka wizarani hadi kufika kijijini. Mzee anatazama ghala lake na kujiuliza kama hiyo nayo ni kazi.

Ni kazi, na hapa nchini tuna ushahidi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikisaidiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi haukuanza kwa kujenga hospitali. Ulianza kwa kuziuliza timu za afya za wilaya swali ambalo kila mwenye duka hujiuliza: bidhaa inayotakiwa zaidi ni ipi, na fedha yako umeiweka wapi?

Majibu yalitia aibu. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa kama asilimia 5 tu. Ni sawa na muuza duka aliyejaza rafu vitu visivyotoka, wakati wateja wanaulizia chumvi na sabuni na kuondoka mikono mitupu. Hakuna aliyeiba hapo. Bajeti ya mwaka jana ilinakiliwa ikawa ya mwaka huu, basi.

Mradi uliwapa viongozi wa wilaya nyenzo rahisi za kulinganisha mzigo wa magonjwa na mgawo wa fedha, ukawapa pia fedha kidogo za nyongeza na mamlaka ya kuzipanga wenyewe. Nyongeza iliyowekwa mezani ilikuwa hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Mfanyabiashara ataielewa habari hii haraka kuliko mwanasiasa: ukimpa mtu mtaji mkubwa kuliko uwezo wake wa kuuzungusha, unaobaki utalala. Katika muda wa kama miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Si haki kudai kwamba kila mtoto aliyepona aliokolewa na bajeti, kwani miaka hiyo vyandarua na dawa bora navyo vilikuwa vinaenea. Lakini hata ukitoa sehemu kubwa kwa sababu hizo, kinachobaki kwa senti 80 ni faida ambayo sijaiona katika biashara yoyote inayoandikwa katika ukurasa huu.

Mzee wa mazao akisikia habari hiyo anaweza kukimbilia benki kulipa ada. Asubiri kwanza. Walioleta matokeo yale hawakuwa vijana waliotoka chuoni na shahada ya pili mkononi. Walikuwa waganga wakuu wa wilaya, wauguzi na maofisa afya waliokuwa kazini tayari, wenye sahihi inayotoa fedha. Elimu ya uongozi iliwakuta na madaraka. Elimu hiyohiyo ikimkuta mtu asiye na madaraka inakaa kama gari lisilo na mafuta.

Swali la mwekezaji basi ni hili: sahihi ya fedha za afya iko wapi siku hizi?

Imehamahama sana. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi za kibiashara, na serikali na mashirika ya dini wakabaki peke yao uwanjani. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa na daktari akaruhusiwa kufungua kliniki yake. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1996 Igunga ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo serikali ilichangia kiasi sawa na kile walicholipa wananchi, mpango ulioitwa tele kwa tele. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwaka 2018 mfuko wa jamii ulioboreshwa ulienea nchini, na mikoani kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa sh. 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa mwaka 2023.

Mabadiliko makubwa kwa mahali kama Kwashemshi hayakutangazwa kwa ngoma. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili, ambazo zamani zilikuwa zinaishia halmashauri, zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila kituo, hadi zahanati. Kituo kikatakiwa kuwa na mpango wake, akaunti yake na mfumo wake wa hesabu.

Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji mara nyingi ni tabibu au muuguzi. Alifundishwa kupima homa, kuzalisha na kufunga jeraha. Sasa anaagiza dawa Bohari ya Dawa, anasimamia stoo, anaandaa bajeti na kujibu hoja za mkaguzi, na foleni ya wagonjwa inamsubiri nje. Wahasibu wasaidizi waliajiriwa kusaidia, lakini mmoja anaweza kuhudumia vituo kadhaa. Mwenye shahada ya uzamili ya uongozi wa afya, akiwapo, yuko makao makuu ya halmashauri, mkoani au Dodoma. Fedha imeshuka kijijini, elimu ya kuitunza imebaki mjini.

Gharama ya pengo hilo mfanyabiashara anaiona gulioni. Zahanati ikiagiza dawa pungufu, zinakwisha katikati ya robo mwaka. Mama aliyekuja na mtoto mwenye homa anaandikiwa karatasi aende duka la dawa muhimu. Mwenye duka atafurahi siku hiyo. Maduka haya, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yamefanya kazi kubwa vijijini. Lakini fedha aliyoitoa mama huyo ndiyo angenunulia sukari, kanga au mbegu. Zahanati isiyojua kuhesabu stoo yake inakusanya kodi isiyoandikwa kwa kila meza ya soko. Zahanati iliyoagiza kupita kiasi nayo inachoma dawa zilizokwisha muda, na hasara hiyo haimnufaishi yeyote.

Baadhi ya wasomaji huuliza kwa nini wasiiuzie zahanati dawa moja kwa moja pale Bohari inapoishiwa. Utaratibu hauruhusu. Tangu mpango wa mshitiri uliojaribiwa Dodoma mwaka 2014 uenezwe nchini mwaka 2018, kituo kilichokosa dawa Bohari hununua kwa mshitiri aliyeteuliwa kwa mkoa wake. Nafasi ya mfanyabiashara mdogo iko kwingine: saruji, mbao, rangi, vifaa vya usafi, shajala. Vituo vingi vya afya vilivyojengwa au kukarabatiwa tangu 2017, na vile vya tarafa vilivyojengwa kwa tozo za miamala ya simu kuanzia 2021, vilitumia mafundi wa mitaani badala ya makandarasi wakubwa, na wenye maduka ya vifaa wa karibu waliuza. Anayetaka biashara hiyo ajisajili katika NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao ulioanza kutumika mwaka 2023. Mauzo ya mdomo na risiti ya kuokoteza yana mwisho mbaya.

Turudi kwa binti. Akitaka kusoma, vyuo vipo. Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa na kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kinafundisha uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya. Muhimbili inafundisha uzamili wa afya ya jamii pamoja na wa sera na uongozi wa afya. Kuna masomo yaliyopangwa kwa ajili ya watu walio kazini, hasa Dar es Salaam. Kwa mtazamo wa ukurasa huu hayo ndiyo yenye hesabu nzuri zaidi, kwa sababu mwanafunzi haachi mshahara, na anachojifunza jioni anakijaribu asubuhi.

Soko la ajira linahitaji macho makavu. Kwa miaka mingi waajiri waliowatafuta wasomi hawa walikuwa pia miradi ya wafadhili, hasa ya Ukimwi, iliyolipa vizuri kuliko halmashauri. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID likaacha kazi. Aliyekopa ada akitegemea mshahara wa mradi alijikuta na deni bila mradi. Wanaobaki ni serikali, hospitali za dini, hospitali za binafsi na sekta ya bima. Bima kwa wote ikitekelezwa kama sheria inavyosema, itahitaji watu wa kuhakiki madai, kupanga bei na kujadiliana na hospitali. Hapo naona nafasi, ingawa serikali hupitisha sheria haraka kuliko inavyoajiri.

Shahada ya kwanza ya binti nayo ina uzito. Daktari, mfamasia au muuguzi mwenye uzoefu akiongeza uzamili wa uongozi, anarudi kwenye ngazi yenye madaraka. Mwenye shahada ya biashara aliyekwisha fanya kazi katika stoo au uhasibu wa hospitali naye ana la kuuza. Aliyetoka chuo kimoja kwenda kingine bila kugusa leja ya dawa hata siku moja, mwajiri atamuuliza maswali magumu. Huyo ningemshauri aombe kwanza kazi hata ya kujitolea, Magunga pale Korogwe, au kwenye hospitali ya misheni. Milimani, wilaya hiihii, ipo Lutindi, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 na baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Taasisi iliyovuka miaka mia moja ikipita katika vita viwili vya dunia na tawala tatu ina mengi ya kumfundisha mtu kuhusu kubana matumizi.

Mzee mwenyewe asijione mgeni katika shughuli hii. Kila zahanati na kituo cha afya hutakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na kamati hiyo hupitia mapato, matumizi na maombi ya dawa. Anayejua kwa nini gunia la mwisho halipaswi kuuzwa kabla ya kuagiza jingine anaweza kuisoma leja ya zahanati. Nafasi zinapotangazwa wafanyabiashara huwa wana safari, kisha huwa wa kwanza kulalamika gulioni kwamba dawa hakuna.

Imebaki ada. Mwaka wa masomo huanza karibu na Oktoba au Novemba, miezi michache baada ya mavuno ya masika, wakati bei ya mahindi mara nyingi bado haijapanda vya kutosha. Atakayeuza ghala zima kulipa mara moja analipa ada mbili, moja chuoni na nyingine kwa mnunuzi atakayeyaweka mahindi yaleyale hadi yaadimike. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Mzee aulize barua ya udahili inasemaje kuhusu muhula wa kwanza, auze magunia ya kutosha awamu hiyo tu, na yanayobaki ayatie dawa na kuyafungia.