Tasnifu ya Profesa Gurnah

Oktoba 7, 2021, iliposikika kwamba Mzanzibari ametwaa Nobel ya Fasihi, watu walikimbilia riwaya zake. Kilichonikaa mimi rohoni ni tasnifu yake ya udaktari. Abdulrazak Gurnah aliikamilisha Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na mada yake haikuwa Unguja wala Bahari ya Hindi. Ilikuwa vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi.

Miaka hiyo mwenyewe alikuwa Kano, akifundisha Chuo Kikuu cha Bayero. Na Nigeria ndiko kulikokuwa kukifuka moshi. Achebe alikwishawashukia wahakiki wa Kizungu wanaoyachukua mambo ya Ulaya na kuyaita ya walimwengu wote. Mwaka 1980 mhakiki Chinweizu na wenzake wawili wakatoa kitabu kikali zaidi, wakamgeukia hata Soyinka kwamba anawaigiza Wazungu. Katikati ya vumbi hilo, mtu aliyeondoka kwao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, akafanya kibarua hospitalini Uingereza, akachagua kuchunguza pishi inayopimia badala ya mchele unaopimwa. Nampenda kwa hilo.

Mengine yanajulikana: kufundisha Kent kuanzia 1985 hadi alipostaafu 2017, uprofesa, juzuu mbili za insha kuhusu uandishi wa Kiafrika alizozihariri, kitabu juu ya Rushdie mwaka 2007. Riwaya zikitoka pembeni.

Katika mhadhara wake wa Nobel alisimulia jinsi alivyoona, akiwa Uingereza, historia mpya na nyepesi ikitungwa juu ya yale yaliyotokea kweli, na kwamba ilibidi aikatae. Lakini papo hapo akaongeza kuwa kuandika hakuwezi kuwa mapambano na mabishano tu. Wema wa binadamu nao una haki yake ukurasani, sawa na ukatili wake. Humo namsikia mwalimu aliyewahi kuuona ugomvi wa Nigeria kwa karibu, akakataa kuhamia humo.

Hata hivyo, kwa nini Afrika Magharibi? Kufikia 1982, Mohamed Said Abdulla alikwishatoa riwaya zake za upelelezi, na *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi ilikuwa na miaka minne. Unguja ilikuwa na riwaya, kwa Kiswahili. Je, hazikumvutia, au idara ya Kiingereza isingejua pa kuziweka?