Sweta ya Samawati na Njia ya Owino

Filamu ya vichekesho The Devil Wears Prada ilitoka mwaka 2006, ikiongozwa na David Frankel kutokana na riwaya ya Lauren Weisberger ya mwaka 2003. Kwa Kiswahili tungeiita "Ibilisi Huvaa Prada", na wanafunzi waiangalie hiyo hu-: si kwamba anavaa leo, bali ndiyo desturi yake. Filamu inaicheka mitindo na watu wake. Hata hivyo, kilichodumu vinywani mwa watazamaji, hadi hadithi ikafanywa mchezo wa muziki jukwaani London mwaka 2024, ni hotuba fupi kuhusu sweta.

Andrea, msaidizi mgeni katika jarida la mitindo, anacheka wenzake wakisumbuka kuchagua kati ya mikanda miwili inayofanana. Bosi wake Miranda, anayeigizwa na Meryl Streep, anamgeukia bila kupaza sauti. Sweta yako, anamweleza, si buluu tu. Rangi hiyo ilianzia kwa mbunifu mashuhuri, ikaigwa na wenzake, ikashuka hadi maduka ya kawaida, ikaangukia kwenye kapu la nguo za bei ya kutupa. Humo ndimo Andrea alimoiokota. Anayejiona yuko nje ya mitindo kumbe amechaguliwa nguo na watu anaowacheka.

Mwalimu wa lugha atafurahi kwamba hoja nzima imesimama juu ya jina la rangi. Hapa Kampala mwanafunzi husema "buluu" akatosheka, kama bbululu ya Kiganda. Kiswahili kina feruzi, ambalo pia ni jina la kito. Kina nili, rangi ya kutilia nguo. Tena kina samawati, neno lililotokana na mbingu za Kiarabu. Rangi ya Miranda ni samawati.

Lakini Miranda aliishia njiani. Nguo zilizochokwa Marekani na Ulaya hufungwa marobota, yakaja kufunguliwa katika soko la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Owino. Mtumba kwanza ni robota lenyewe. Nguo zikarithi jina la mzigo. Waganda husema mivumba. Watanzania waliwahi kuziita kafa Ulaya, jina lenye kejeli kuliko filamu yote. Agosti 2023 Rais Museveni alipotangaza kuzipiga marufuku, naye alisema ni nguo za Wazungu waliokufa. Wachuuzi wa Owino hawakucheka. Karo za watoto wao zinatoka humo.

Mwaka 2022 mbunifu Bobby Kolade, mwenye lebo ya Buzigahill hapa Kampala, alianza kuuza ng'ambo nguo za mitumba alizozishona upya. Mradi aliupa jina la Kiingereza lenye maana ya "rudisha kwa aliyetuma".

Kwa walimu wanaofundisha -ka- ya masimulizi, zoezi liko tayari. Waanzie pale Miranda alipoachia: ikavaliwa, ikachokwa, ikafungwa, ikavuka bahari, ikafunguliwa Owino, ikachanwa, ikashonwa, ikarudi.