Sura ya Sita: Mtoto wa Mgongoni

Kipupwe cha Karatu humdanganya mgeni kwa jua lake la saa sita. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti mchana wake ni wa kuvaa shati tu, ilhali alfajiri watu huenda sokoni wamejifunika makoti na mashuka. Ukivuka lango la Loduare ukapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, umeongeza kama mita 800. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo umepoteza nyuzi 5 kabla hujahesabu upepo na unyevu. Na unyevu upo. Pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zimebeba mvuke. Zikifika kwenye miteremko ya mashariki ya nyanda hizi hulazimika kupanda, hupoa, na huwa ukungu unaolowesha msitu hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana upande huu matawi ya miti yana unyevunyevu, na ng'ambo ya pili, kuelekea Olduvai, ni nyika kavu.

Baridi hii haimzuii mtoto wa mwaka mmoja au miwili kutoka. Watoto wa Wairaqw na wa Wamasai hukulia humohumo. Inataka tu avishwe kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea.

Chukua njia ya msituni inayokwenda kwenye mapango ya tembo na maporomoko ya Endoro, matembezi ya saa chache ambayo huongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Mzazi anapanda na kilo 12 mgongoni. Misuli yake inazalisha joto. Baada ya muda mfupi jasho linamtoka, anavua koti. Mtoto hajapiga hata hatua moja. Yeye amekaa kimya kivulini, na mwili wake una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito, hivyo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Akibebwa, avae vazi moja zaidi ya aliyembeba. Akishuka kukimbia, mvue hilo moja kabla hajatoa jasho, kwa sababu jasho la sasa ndilo baridi ya baadaye.

Kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinafaa kuliko koti moja nene. Ya ndani iwe ya mikono mirefu, ya sufu au kitambaa cha michezo. Pamba ni nzuri nyumbani, lakini ikilowa hubaki na maji na kuendelea kumnyonya mtoto joto. Juu yake sweta. Ya sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. La mwisho, koti jepesi la mvua. Hakuna haja ya duka la vifaa vya milimani: kwenye mitumba zimo sweta nyingi za watoto zilizotoka nchi zenye baridi kali, na lebo ya shingoni itakuambia kama ni sufu au pamba.

Mbeleko ina faida ambayo mkoba wa fremu hauna. Kifua na tumbo la mtoto hugusana na mgongo wa mama, na joto la mmoja humfikia mwingine. Kwenye fremu mtoto hukaa mbali, upepo ukimpitia pande zote. Lakini mbeleko nayo huacha miguu ikining'inia, suruali hupanda hadi magotini, na mguu unaobanwa pajani haupati damu vizuri. Mvishe taitsi chini ya suruali na soksi ndefu, na umshushe mara kwa mara achezeshe miguu. Usimfunge akiwa na koti nene lililojikunja. Ni bora shuka moja liwafunike wote wawili kwa juu, uso wake ukibaki wazi na kidevu kikiwa mbali na kifua. Mgongo wa mbebaji ukilowa jasho, nguo ya mtoto ya mbele imelowa pia. Iguse, uibadilishe. Vivyo hivyo na pampasi.

Usimpime baridi kwa viganja, kwa kuwa vya mtoto hupoa mapema hata akiwa salama. Ingiza vidole nyuma ya shingo: pakiwa pakavu na pa vuguvugu, yuko sawa, pakilowa, mpunguzie, pakiwa pa baridi, mwongezee na usimame mahali pasipo upepo. Mtoto aliyekuwa akilia kisha akanyamaza, akalegea na kusinzia kwenye ubaridi, anahitaji kuvuliwa vilivyolowa na kukumbatiwa kifuani mara moja, kisha safari irudi.

Asubuhi boshori la kufunika masikio linatosha. Ukungu ukiinuka, badilisha kofia iwe ya ukingo mpana, maana hapa ni nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta na jua la mwinuko huunguza hata hewa ikiwa baridi. Kwa atakayetembea, viatu viwe vya kufunika, vyenye soli ya kushika udongo mwekundu unaoteleza, na ncha za suruali ziingie ndani ya soksi: siafu na kupe wapo msituni wakati wa kipupwe pia.