Ukali Unaojenga na Ukali Unaobomoa

Wazazi wengi, kijana anapowashinda, husema: "Apelekwe jeshini akanyooshwe." Kauli hiyo haikosi hekima. Samaki hukunjwa angali mbichi, na askari halelewi kwa kubembelezwa. Kuruta anayeamshwa kabla ya jua, akakimbia na mzigo mgongoni na kutii amri bila kunung'unika, hujifunza kuishinda nafsi yake. Siku ya hatari mwili wake hutii kabla woga haujasema. Ukali wa namna hiyo hatuukatai.

Lakini ukali una mpaka. Katika kambi ya Parris Island, jimbo la South Carolina nchini Marekani, makuruta wa kikosi cha Marine hufunzwa kwa wiki 13, na ugumu wake unajulikana. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, mkufunzi Matthew McKeon aliwaongoza makuruta wake ndani ya kijito chenye matope ili kuwatia adabu. Sita walizama wakafa. Yeye alitiwa hatiani, na jeshi likaongeza usimamizi juu ya wakufunzi.

Miaka 60 baadaye, Machi 2016, msiba ulirudi kambini humo. Kijana Muislamu wa miaka 20, mwenye asili ya Pakistan, alikufa siku 11 baada ya kuwasili. Alikuwa mgonjwa wa koo. Alilazimishwa kukimbia huku na huko bwenini, akapigwa kofi, kisha akatoka mbio akaanguka kutoka ghorofani. Jeshi lilisema amejiua. Wazazi wake hawakukubali. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu mkufunzi wake, Joseph Felix, kifungo cha miaka 10 kwa kuwatesa makuruta, hasa Waislamu. Mmoja wao alitiwa ndani ya mashine ya kukaushia nguo, ikawashwa.

Tujiulize: mateso hayo yalimfunza nani nini? Mbio humwongezea kijana pumzi, na kulenga shabaha humwongezea utulivu. Kutukanwa kwa dini yake hakumwongezei ila chuki au kukata tamaa. Adabu ya kweli ina lengo linaloelezeka, huwapata wote sawa, na anayeitoa naye ana wa kumuuliza. Ikikosa hayo, ni dhuluma iliyovaa sare.

Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amridhie, alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, na akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "ah!" Hata hivyo, alitoka humo mtu mwenye adabu na elimu.

Basi, akina mama na akina baba, kazi ya kunyoosha tuianze nyumbani. Kijana aliyezoea kuamka kwa Sala ya Alfajiri na kutandika kitanda chake hatashtushwa na king'ora cha kambi. Na akiisha kwenda, iwe kambini, iwe bweni la shule au madrasa, akatupigia simu kwa sauti ya unyonge, tusiwahi kumwambia, "Vumilia, uwe mwanamume." Kwanza tumsikilize. Huenda anachokilalamikia si ugumu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.