Nywele kunyonyoka kwa mawazo: Hasara ya miezi mitatu iliyopita

Mfanyabiashara anayekuta nywele nyingi kwenye kitana kuliko kawaida hutafuta sababu katika mambo ya wiki hiyo: sabuni mpya, maji ya kisima, au mafuta aliyobadilisha. Kama chanzo ni mshtuko au msongo wa mawazo, basi anatafuta mahali pasipo. Nywele za aina hiyo huanza kuanguka miezi miwili hadi mitatu baada ya tukio lenyewe. Kutojua jambo hilo ndiko kunakowafanya wengi watoe fedha kununua kitu ambacho wangekipata bure.

Mzunguko wa nywele

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, kwa wengine pungufu. Zote hazikui kwa wakati mmoja. Asilimia 85 hadi 90 huwa zinakua, na kila moja huendelea hivyo kwa miaka 2 hadi 6. Karibu asilimia 10 huwa zimepumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha huanguka na kuachia nafasi nywele mpya.

Hesabu yake ni rahisi. Asilimia 10 ya 100,000 ni nywele 10,000. Zikigawanywa kwa siku 100, zinaanguka nywele 100 kila siku. Kwa hiyo anayepoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku hajapata hasara yoyote.

Mwili unapopata mshtuko mkubwa, nywele nyingi zilizokuwa zinakua huingia kwenye mapumziko kabla ya wakati wake. Zikifika asilimia 30, hesabu ile ile inatoa nywele 300 kwa siku. Mwanzoni mwenyewe haoni kitu, maana nywele iliyopumzika hubaki imeshika kichwani. Mwaka 1961 daktari wa Marekani, Albert Kligman, aliipa hali hiyo jina la telojeni efluviamu. Miongoni mwa vyanzo vyake ni homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito ghafla na mfadhaiko mkubwa. Baada ya ugonjwa wa Uviko-19 kuenea mwaka 2020, madaktari wa nchi nyingi waliwaona wagonjwa wa aina hii kwa wingi.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 2021. Mwenye kizimba ambaye mwili wake ulitikiswa na mkasa huo angeanza kuona nywele zikianguka Septemba au Oktoba, pengine akiwa tayari amepata eneo jingine na usingizi umerudi. Ingekuwa vigumu kwake kuunganisha mambo hayo mawili.

Namna mawazo yanavyofika kwenye mzizi wa nywele ilianza kueleweka zaidi mwaka huo huo wa 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba kwa panya, homoni ya msongo huzuia kiini kiitwacho GAS6, ambacho huamsha mizizi iliyolala. Homoni ilipopungua, mizizi iliamka. Utafiti huo ulikuwa wa panya, na bado haujazaa dawa ya kuuzwa dukani.

Sifa anayepewa muuzaji

Nywele zilizoanguka kwa mshtuko kwa kawaida hurudi zenyewe. Chanzo kikiondoka, kuanguka hupungua ndani ya miezi sita, na nywele mpya hukua kati ya milimita 8 na sentimeta 1 kwa mwezi. Wenye nywele za kipilipili huwa karibu na kiwango cha chini.

Hapo ndipo biashara ya mafuta ya kuotesha nywele inapopata ushahidi wake. Mteja hununua chupa mwezi wa tatu, wakati hofu imefika juu. Mwezi wa saba anaona vinyweleo vipya na kuwasimulia jirani zake. Asingenunua, vinyweleo hivyo vingeota vile vile. Mafuta ya nazi na ya mnyonyo hulainisha nywele na kupunguza kukatika, lakini hayaamrishi mzizi kuota.

Dawa ya minoksidili ina ushahidi. Ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, na mwaka 1988 Marekani iliiruhusu kupakwa kichwani kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kujua kwamba hiyo ni gharama ya kudumu. Akiacha kuipaka, faida yote hupotea baada ya miezi michache. Wiki za mwanzo inaweza hata kuongeza kuanguka. Mjamzito hashauriwi kuitumia. Kwa nywele za mshtuko, ambazo zingerudi zenyewe, mara nyingi haihitajiki.

Fedha zitumike wapi

Hatua ya kwanza haina gharama: kuchukua kalenda na kurudi nyuma miezi mitatu. Je, kulikuwa na malaria kali, msiba, mkopo uliokwama au kufunga kula ili kupunguza mwili? Tukio likipatikana na limekwisha, dawa kubwa ni subira.

Tukio lisipoonekana, fedha za chupa zitumike kupima damu. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huangusha nywele kwa namna hiyo hiyo, na yote yana tiba. Anayetumia vidonge vya biotini amweleze daktari kabla ya kupima, kwani vinaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo.

Aidha, mlo uwe na maharage, dagaa, mayai au nyama, kwa sababu nywele hutengenezwa kwa protini. Usingizi wa kutosha na mazoezi hupunguza msongo wenyewe. Mwenye mkopo unaomnyima usingizi atafaidika zaidi kwa kukaa na mkopeshaji na kupanga upya marejesho kuliko kununua mafuta.

Akina mama wachunguze pia msuko. Nywele za mshtuko hupungua kichwa kizima. Zinazokwisha pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio mara nyingi zimevutwa na msuko wa kubana au nywele za bandia nzito. Hasara hiyo ikiendelea kwa miaka, mzizi hufa na haurudi.

Wapo wasiopaswa kusubiri: wenye mabaka ya mviringo yaliyo laini, wenye maumivu, usaha au makovu kichwani, na ambao nywele zao zimeanguka zaidi ya miezi sita. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba huenda ana mapunye, ambayo hutibiwa kwa vidonge vya hospitali. Nchini Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiandaa wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992.