Je, Ushikaji wa Dini Waweza Kupimwa?

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, mwandishi wenu na awe tayari na daftari.

Ukitaka kujua uzito wa gunia la mahindi, utaliweka juu ya mizani. Lakini ukitaka kujua mtu ameishika dini yake kwa kiasi gani, utatumia kipimo gani? Moyo hauwekwi juu ya mizani. Hata hivyo wataalamu wa elimu ya jamii wamejaribu, nao hutumia maswali. Mtu huulizwa, kisha huchagua jibu moja katika majibu yaliyopangwa kama ngazi: tuseme 1, maana yake "hata kidogo," mpaka 5, maana yake "sana." Alama hizo hujumlishwa, na wastani wake ndio kipimo.

Sasa, tuulize nini? Kuuliza tu mtu huenda kanisani mara ngapi hakutoshi. Mwaka 1962 Charles Glock, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba dini ina pande nyingi: imani, ibada, yale mtu anayoyaona moyoni, ujuzi wa mafundisho, na matokeo yake katika maisha. Mtu aweza kuwa hodari upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Mwaka 1967 Gordon Allport na Michael Ross wakatoa kipimo cha kutofautisha watu wa namna mbili: yule anayeishi dini yake, na yule anayeitumia ili apate faraja au heshima. Wakaona kwamba hao wenye kuitumia tu walikuwa na ubaguzi zaidi kuliko wenye kuiishi. Basi mnaona kwamba upimaji huu si mchezo.

Siku hizi kipimo kimoja kinachotumika sana ni kile cha Stefan Huber. Huuliza mambo matano: mtu hufikiri juu ya mambo ya dini mara ngapi, huamini kwa kadiri gani, huhudhuria ibada ya pamoja mara ngapi, huomba peke yake mara ngapi, na huona mara ngapi kwamba Mungu anagusa maisha yake. Mwenye wastani wa 4 au zaidi huhesabiwa kuwa dini ndiyo kiini cha maisha yake. Mwaka 2007 kipimo hicho kilitumika katika uchunguzi wa nchi 21.

Lakini hapa ndipo shida inapoanza, kwa maana swali lililofaa Ujerumani huenda lisifae Zanzibar.

Shida ya kwanza ni maneno. Mwingereza ana neno moja la kawaida la kumwomba Mungu. Sisi tunayo sala na dua. Ukiuliza, "Wasali mara ngapi kwa siku?" Mwislamu atahesabu zile sala tano za faridha, na dua zake za usiku hatazitaja. Mkristo atataja maombi yake ya chumbani. Namba zao zitawekwa pamoja, kumbe hawakujibu swali moja. Ndiyo sababu kipimo cha Huber kina namna nyingine kwa ajili ya dini mbalimbali, yenye maswali ya nyongeza.

Shida ya pili ni desturi. Sala ya Ijumaa msikitini ni wajibu wa wanaume, wanawake hawakulazimishwa. Mwenye kupima dini kwa kuhesabu safari za msikitini atasema wanawake hawana dini, naye atakuwa amewadhulumu. Japani nako wengi husema hawana dini, lakini mwaka mpya huenda mahali patakatifu kuomba heri.

Shida ya tatu ni haya. Mwaka 1993 wachunguzi watatu wa Marekani walilinganisha majibu ya watu na hesabu ya waliofika kanisani kweli. Wakakuta waliofika ni kama nusu tu ya waliosema huenda. Mahali ambapo kukosa ibada ni aibu, majibu hupanda.

Shida ya nne ni kipimo kufika mwisho. Mizani inayoishia ratili 10 ukiipakia magunia, yote yatasomeka 10. Katika nchi ambayo karibu kila mtu hujibu "sana," kipimo hakitofautishi mtu na mwenzake.

Je, dawa ni nini? Mtu mmoja na afasiri maswali kwa Kiswahili. Wa pili, asiyeuona mwandiko wa kwanza, ayarudishe katika lugha ya asili. Kisha karatasi mbili zilinganishwe. Halafu maswali yajaribiwe kwa watu wachache, waulizwe wameelewa nini. Na zaidi ya hayo, wenyeji washirikishwe tangu kutunga maswali.

Kwa hiyo, mkisikia kwamba watu wa nchi fulani wameacha dini, ulizeni kwanza: waliulizwa nini, kwa lugha gani, na mbele ya nani? Kipimo hueleza majibu ya watu. Hakimhukumu mtu mbele ya Mungu wake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika kijiji chenu, mtu mcha Mungu hutambuliwa kwa mambo gani?
2. Je, tambiko lihesabiwe kuwa dini? Kwa nini?
3. Tungeni swali moja ambalo Mwislamu na Mkristo watalielewa sawasawa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.