Mjini au Kijijini: Hesabu ya Kuchagua Makazi

Uamuzi wa kuishi mjini au kijijini huelezwa kwa kawaida kama suala la hulka, kwamba wapo wanaopenda pilikapilika na wapo wanaopenda utulivu, lakini wachumi na wanajiografia waliouchunguza uhamaji katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne wameipa hulka nafasi ndogo kuliko ile inayopewa katika mazungumzo ya kila siku. Kwao, kinachomhamisha mtu na kinachomrudisha ni hesabu ya mapato, umbali na hatari, na hesabu hiyo hubadilika kadiri umri wa mtu na ukubwa wa kaya yake, yaani watu wanaoishi na kula naye pamoja, unavyobadilika.

Nadharia iliyotawala mjadala huu ilitolewa mwaka 1970 na wachumi John Harris na Michael Todaro, ambao waliutazama kwa karibu mfano wa Kenya baada ya uhuru. Fumbo walilotaka kulifumbua lilikuwa hili: kwa nini vijana waliendelea kumiminika mijini ilhali walijua kwamba huko kulijaa watu wasio na kazi? Jibu lao lilijengwa juu ya dhana ya mapato tarajiwa, ambayo ni mshahara unaolipwa mjini ukizidishwa kwa uwezekano wa kuupata, hivi kwamba kazi ya shilingi 400,000 kwa mwezi ambayo hupatikana na mmoja kati ya wawili wanaoitafuta huhesabiwa kuwa ni 200,000 tu, na kama shamba halifikishi kiasi hicho, safari ya mjini inabaki kuwa uamuzi wa busara hata kwa yule ambaye hatimaye ataikosa kazi. Nadharia hiyo ilieleza pia jambo lililowashangaza watawala, kwamba kuongeza ajira mjini kunaweza kuongeza idadi ya wasio na ajira, kama ilivyodhihirika Kenya baada ya makubaliano ya kuongeza ajira ya mwaka 1964 kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kwa sababu habari za nafasi mpya huwaita watu wengi kuliko nafasi zenyewe.

Upungufu wa hesabu hiyo ni kwamba inaanza na mshahara, wakati maisha ya mjini huanza na matumizi. Katika jiji la Dar es Salaam, ambalo kwa mujibu wa sensa lilikua kutoka watu milioni 4.36 mwaka 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali aliyeonyesha chumba huchukua malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo mpangaji wa chumba cha shilingi 80,000 huhitaji zaidi ya nusu milioni mkononi kabla hajanunua hata godoro. Baada ya hapo huja umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika na kuchangiwa na wapangaji wa mita moja, ambapo mwenye friji na mwenye balbu moja hutakiwa kutoa sawasawa, na ugomvi wake unafahamika na kila aliyewahi kupanga. Anayekimbia kodi za katikati ya jiji huhamia Chanika, Mbagala au Kibaha, na hapo hutimia hoja ambayo mchumi William Alonso aliiweka katika mfumo wa kinadharia mwaka 1964, kwamba kodi hupungua kadiri mtu anavyosogea mbali na kitovu cha mji, lakini kile anachokiokoa katika kodi hukirudisha kwa njia ya nauli na muda. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 yalipunguza muda huo kwa wale walio karibu na njia zake, ila hayakuifuta kanuni yenyewe.

Kijijini hesabu hugeuka, kwa maana kwamba fedha taslimu hutumika kidogo, nazo huingia kwa msimu. Kaya inayokula mahindi, mihogo au ndizi zake huwa na kipato kisichoonekana katika daftari lolote, na kuidharau thamani ya chakula hicho ni kosa linalofanywa na watu wengi wa mjini wanapolinganisha maisha ya pande hizi mbili. Ardhi nayo huonekana rahisi, ingawa urahisi wake huwaponza wageni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wanakijiji wote wenye umri wa utu uzima, na haki anayoipata mtu huitwa hakimiliki ya kimila. Mnunuzi anayeridhika na kuandikishiana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha akaondoka na karatasi yenye mhuri, huwa ameanza jengo lake juu ya msingi ambao sheria haiutambui.

Gharama kubwa zaidi ya kijiji, hata hivyo, ni umbali wakati wa dharura. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliugawa ucheleweshaji unaomkabili mjamzito aliye hatarini katika aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kuifikia, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Sera ya Tanzania imekusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, lakini zahanati haifanyi upasuaji, na kutoka hapo kwenda hospitali kunaweza kutegemea bodaboda na daraja ambalo mto huligharikisha upendavyo. Mjini ucheleweshaji wa pili hupungua sana, na mara nyingi wa tatu ndio unaosubiri katika foleni.

Kuhusu utulivu, yatosha kusema kwamba kijiji kina kelele chache na macho mengi. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1903 kwamba mkazi wa jiji hujikinga na wingi wa vishindo kwa kutojali, na kwamba kutojali huko humpa uhuru ambao mji mdogo haumpi. Mjane, mtu aliyeachika au kijana anayetaka kubadili maisha yake huenda akauona uhuru huo kuwa na thamani kubwa kuliko usingizi mzuri.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka mkoani Kagera, ambako kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya mwaka 1991 na 1994, kisha watu wake wakafuatiliwa mwaka 2004 na 2010 popote walipokuwa wamehamia, jambo ambalo tafiti nyingi hushindwa kulifanya kwa sababu huishia kuwahesabu waliobaki. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipowalinganisha watu waliotoka katika kaya moja, waligundua kwamba hadi mwaka 2004 matumizi ya walioondoka yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ukuaji wa ndugu zao waliobaki. Matokeo hayo yangeonekana kuupa mji ushindi, lakini uchambuzi wa baadaye wa Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo, ulioendelea hadi mwaka 2010, uliuliza swali la ziada, yaani walioondoka walikwenda wapi. Ilibainika kwamba karibu nusu ya waliouacha umaskini walifanya hivyo kwa kuingia katika shughuli zisizo za kilimo vijijini au kwa kuhamia miji midogo, na ni mmoja tu kati ya saba aliyeuacha kwa kwenda katika jiji kubwa, ingawa huyo wa jijini ndiye ambaye kwa wastani alisonga mbele kwa kasi zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea pale chaguo linapoelezwa kuwa ni kati ya Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, na kijiji cha mwisho wa barabara. Mji mdogo wenye stendi, soko, benki na hospitali ya wilaya humwezesha mtu kulima ekari mbili jirani, kuuza dukani mchana na kumfikisha mgonjwa kwa daktari kabla ya giza, na nauli ya kwenda kuwaona wazazi haimmalizi. Huko mishahara mikubwa ni michache na vyuo ni adimu, kwa hiyo kijana mwenye taaluma maalumu bado ana sababu ya kwenda jijini. Kwa kaya yenye watoto wadogo, biashara ya kawaida na wazee wa kutunzwa, mji mdogo ndio uamuzi wenye nguvu zaidi, nao hauzungumzwi vya kutosha. Anayekusudia kuhama, iwe anakwenda huko au anarudi kijijini, apange chumba kwa msimu mmoja wa masika kabla hajauza alichonacho, kwa kuwa barabara, maji na huduma ya zahanati hupimika vizuri zaidi wakati mvua inaponyesha.